Si kweli kwamba anayekupenda lazima ajue unachotaka bila kuambiwa

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Anayekupenda kweli anajua unachotaka. Ukiona mpaka umwambie, ujue hakupendi."

Sivyo. Wanasaikolojia wamekuwa wakiipima imani hii kwa dodoso tangu miaka ya 1980, na wanaoishikilia sana huelekea kutoridhika zaidi na uhusiano wao.

Mara nyingi tatizo huanzia kwa aliyenuna mwenyewe. Karudi kazini kachoka, akiulizwa anajibu "hakuna kitu". Anataka aachwe apumzike, au asikilizwe? Pengine hata yeye hajajiuliza. Mwenzake atajulia wapi?

Jaribuni nyumbani: kila mmoja aandike pembeni mambo matatu yanayomtuliza akiudhika, kisha abashiri ya mwenzake. Mkilinganisha mtaona mlipopishana, hata kama mmeoana zamani.

Kinachochanganya ni kwamba waliozoeana husomana kiasi. Anajua chai yako haitiwi tangawizi, lakini ni kwa sababu ulishamwambia, au aliona ukiiacha kikombeni.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Anayeusoma siku waliyogombana anaweza kuuchukua kama ushahidi.