Nani Aliyeweka Kikomo Angani? Uongo na Ukweli Kuhusu Maghorofa Marefu ya Nairobi

Juu ya paa la KICC, jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta, pale kwenye uwanja wa helikopta ambapo mgeni hulipa kiingilio apate kuona mji, mjomba wangu aliyekuwa amekuja kutoka Kakamega alinyoosha kidole kuelekea majengo ya mtaa wa Upper Hill. "Kwani yale yaliruhusiwa vipi kupita hili la Mzee?" Vijana wawili waliokuwa wakipigana picha wakadakia hata sijafungua mdomo. Mmoja akasema jiji lina sheria ya ghorofa, ila wakubwa huipita kwa bahasha. Wa pili akasema tatizo ni udongo, Nairobi haibebi uzito. Mpiga picha wa pale juu, ambaye hakuwa ameulizwa na mtu, akasema tu, "Ni ndege," akaendelea kufuta lenzi yake.

Kwa dakika kumi nilisikia karibu kila kosa ambalo mji huu unalo kuhusu majengo yake marefu, na jibu moja sahihi. Nimekuwa nikimjibu mjomba kichwani tangu siku ile.

"Hakuna jengo linaloruhusiwa kupita KICC"

Hakuna sheria kama hiyo, na haijawahi kuwapo. KICC ilikamilika 1973 ikiwa na ghorofa 28 na kimo cha mita 105 hivi, ikakaa kileleni miaka mingi hadi watu wakadhani ni amri. Times Tower, yanapokaa makao makuu ya Mamlaka ya Ushuru, iliipita ilipokamilika mwaka 2000: ghorofa 38, mita 140. Tangu hapo Upper Hill imewapita wote wawili.

Kinachochekesha ni kwamba KICC yenyewe haikupangiwa kuwa refu hivyo. Ilianza kama ofisi za chama cha KANU, jengo la kiasi tu. Karl Henrik Nøstvik, msanifu kutoka Norway, alikuwa akilichora pamoja na David Mutiso. Kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia ingefanya mkutano wake mkuu Nairobi mwaka 1973, na michoro ikaanza kunenepa na kurefuka. Yaani jengo ambalo leo watu hulifanya kipimo cha heshima lilipata kimo chake kwa sababu wageni walikuwa wanakuja.

Wamarekani nao wana yao. Washington kumejaa watu wanaoapa kwamba sheria inakataza jengo kupita lile la Bunge au mnara wa Washington. Sheria yao ya 1910 inasema kitu kingine kabisa: kimo cha jengo hufuata upana wa barabara iliyo mbele yake, ukiongeza futi 20. Barabara nyembamba, jengo fupi.

"Basi jiji limeweka idadi ya ghorofa"

Kuna maeneo ambako idadi imetajwa, hasa mitaa ya makazi. Lakini chombo kikuu cha mpangaji wa mji si idadi ya ghorofa. Ni hesabu ya mita za mraba za sakafu ukilinganisha na ukubwa wa kiwanja, pamoja na sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa.

Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,000. Ukiruhusiwa sakafu mara tatu ya kiwanja, una mita 3,000 za kucheza nazo. Unaweza kuzilaza kwenye ghorofa 6 za mita 500 kila moja, jengo likafunika nusu ya kiwanja. Unaweza pia kuzisimamisha: ghorofa 15 za mita 200, ukabaki na nafasi ya miti, maegesho na hewa. Hesabu ni ileile, majengo hayafanani hata kidogo. Ndiyo maana ninapowasikia wakazi wa Kileleshwa au Kilimani wakilalamikia "urefu" wa jengo jipya, mara nyingi ninaona wanachoumia nacho ni upana. Jengo limekula kiwanja chote na dirisha la jikoni la mmoja linatazama chumba cha kulala cha mwenzake. Haki yao ya kulalamika ninaiunga mkono. Wanachokosea ni jina la kosa.

"Ghorofa nyingi zaidi, jengo refu zaidi"

Hesabu ndogo itatosha. Times Tower ina ghorofa 38 ndani ya mita 140, kwa hiyo kila ghorofa inapata chini ya mita 4. UAP Old Mutual Tower ya Upper Hill, iliyofunguliwa 2016, ina ghorofa 33 tu lakini inafika mita 163. Britam Tower, iliyofuata 2017, ina ghorofa zaidi kidogo ya 30 na inatajwa kuwa na mita 200.

Hizo mita 200 zina siri yake: takriban 60 kati yake ni mlingoti. Ukiung'oa, unabaki na jengo linalotoshana na Times Tower, ambalo kila mtu amekwisha kulisahau. Huu si wizi, ndio mchezo ulivyo duniani. Kwa kanuni za kimataifa za kupima majengo, mlingoti ambao ni sehemu ya usanifu huhesabiwa, lakini antena ya kurushia matangazo haihesabiwi. Kwa kanuni hiyo Petronas Towers za Kuala Lumpur zilichukua taji la dunia mwaka 1998 zikiwa na mita 452, huku Sears Tower ya Chicago, yenye paa la mita 442 na antena zinazopanda zaidi ya mita 500, ikiambiwa ikae kando. Wakazi wa Chicago walinuna, na mimi ningenuna pia. Burj Khalifa ya Dubai yenye mita 828 nayo ina zaidi ya mita 200 za juu ambazo hakuna mtu anayezikalia.

"Ndege ziko juu kabisa, haziwezi kuhusika"

Hapa mpiga picha alikuwa sahihi, na hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Nairobi imezungukwa na viwanja vitatu vya ndege: Jomo Kenyatta upande wa Embakasi, Wilson karibu na Lang'ata, na kambi ya jeshi la anga ya Moi kule Eastleigh. Watu hudhani kinacholindwa ni njia ambayo ndege hupita siku zote, wanatazama juu, wanaona ndege iko mbali, wanasema nafasi ipo. Lakini wapangaji wa usafiri wa anga huwaza siku ambayo injini imezimika, ukungu umeshuka, na rubani hana budi kuzunguka chini akirudi. Kwa sababu hiyo kila kiwanja kimefunikwa na kitu kama bakuli lisiloonekana, ambalo vipimo vyake viko kwenye Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga.

Sakafu ya bakuli hilo iko mita 45 tu juu ya kiwanja. Kwa viwanja vikubwa inatanda kilomita 4, kisha ukingo unaanza kupanda: kila ukisogea nje mita 100, unaongezewa mita 5. Kwenye mstari wa njia ya kutua, masharti ni magumu zaidi: kwa njia kubwa zenye mitambo ya kuongoza ndege, unasogea mita 50 ili upate mita 1 ya kimo.

Sasa weka namba za hapa. Wilson iko karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Ongeza 45, sakafu ya bakuli iko 1,735. Tuseme una kiwanja jirani ambacho ardhi yake iko 1,700. Umebakiwa na mita 35, kama ghorofa kumi. Na Upper Hill, jina lenyewe linakuambia, ni kilima. Mlima umeshakula sehemu ya posho yako kabla trekta halijafika. Anayejenga bondeni mwa mji ana nafasi zaidi kuliko anayejenga kilimani, ingawa anayeangalia kwa macho huona kinyume chake.

Mjomba angeuliza hapo: mbona basi yale ya mita 163 na 200 yamesimama? Kwa sababu bakuli hilo si ukuta. Nje ya mistari ya kutua na kupaa, jengo linaweza kulitoboa ikiwa uchunguzi wa wataalamu wa anga umeonyesha kwamba halitahatarisha ndege, au kama limejificha nyuma ya kizuizi kingine kilichokuwapo tayari. Ruhusa hutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kaunti peke yake haiwezi kuitoa. Zile taa nyekundu zinazowaka usiku kileleni, ambazo watoto huzihesabu kutoka kwenye matatu, ni sehemu ya masharti hayo. Hata kreni huombewa ruhusa, kwa kuwa mkono wake mara nyingi hupanda juu kuliko jengo lenyewe litakavyofika.

"Udongo wa Nairobi haubebi"

Ule udongo mweusi wa Embakasi na South B, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, kweli ni adui wa nyumba. Lakini humsumbua zaidi mwenye nyumba ya chini, anayeweka msingi wa futi tatu juu yake. Jengo refu huutoa wote na kushuka hadi kwenye mwamba wa volkano ulio chini. Dubai walijenga Burj Khalifa kwenye mchanga na mawe laini, kwa nguzo za zege zilizozama karibu mita 50 ardhini. Sisi tuna mwamba.

"Refu ndilo huanguka"

Hili linaniuma. Jengo lililoanguka Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, na kuua watu wapatao 50, lilikuwa la ghorofa 6, karibu na mto. Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, lililoporomoka katikati ya mji na kuua watu 36 lilikuwa la ghorofa 16, bado likijengwa. Yaliyopita mita 100 Nairobi hayajaanguka hata moja.

Sababu haina uchawi. Mnara unapojengwa kuna mhandisi wa kudumu, kuna maabara inayovunja vipande vya zege kupima nguvu yake, kuna benki na bima ambazo hazitaki kupoteza pesa. Jengo la ghorofa 6 mtaani mara nyingi lina fundi mmoja, mchanga wa mtoni na mwenye nyumba anayeamua katikati ya kazi kuongeza ghorofa ya 7 kwa vyuma vilevile.

Na ukiwa juu ukahisi jengo linayumba, usikimbie. Wahandisi wengi huliruhusu jengo kusogea kileleni takriban sehemu moja kwa 500 ya kimo chake upepo ukivuma sana, maana yake jengo la mita 200 linaweza kwenda sentimita 40. Taipei 101 imening'iniza ndani yake tufe la chuma la tani 660 ili kupunguza mtikisiko huo.

"Kioo kitupu ndicho usasa"

Hapa ninakiri nina upendeleo. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko utosini, na kuta za kaskazini na kusini hukingwa na kibaraza kifupi tu. Linalochoma ni la saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, linaloingia kwa ubavu, chini ya kibaraza chochote utakachoweka. Msanifu anayejua mji huu huzielekeza mashariki na magharibi kuta fupi, na huko hupachika lifti, ngazi na vyoo. Asiyejua hufunga kioo pande zote nne, kisha analipia umeme wa kupoza hewa katika mji ambao, kwa mwinuko wake, dirisha linalofunguka lingetosha karibu mwaka mzima.

"Tukipanda juu zaidi, nyumba zitatosha"

Kila mita 10 unazopandisha maji zinadai shinikizo la kipimo kimoja kiitwacho baa. Ukitaka maji yafike mita 160 kwa pampu moja, bomba la chini linabeba baa 16, na mabomba mengi ya kawaida hayafai kwa mzigo huo. Ndiyo maana minara ina ghorofa nzima zilizojaa matangi na pampu, ambazo hakuna anayezilipia kodi. Lifti nazo huongezeka kadiri watu wanavyoongezeka, na shimo la kila lifti hula nafasi kwenye kila sakafu inayopita. Kwa hiyo ghorofa ya 40 ni ghali kuliko ya 10, na mwisho hupangishiwa ofisi.

Wanaoishi wengi kwenye kipande kidogo cha ardhi wako Pipeline, Embakasi, kwenye majengo ya ghorofa saba au nane yasiyo na lifti. Nilikaa huko miaka miwili, ghorofa ya sita. Siku pampu ilipoungua tulipandisha mitungi ya lita 20, kilo 20 kila mmoja, ngazi 96 nilizozihesabu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mama wa mlango wa pili alikuwa akitua mtungi kila baada ya ghorofa, anapumua, anaubadilisha mkono. Hakuna mlingoti uliokuwa juu yetu, ni kamba za nguo tu.

Siku ile pale KICC, mjomba aliuliza mwishowe ni lipi litakalofuata. Nikamwonyesha upande wa Upper Hill ambako mwaka 2017 ilizinduliwa minara ya Pinnacle kwa shangwe, iliyoahidiwa kupita mita 300, na ujenzi wake ukakwama. Alikaza macho kwa muda.

"Sioni kitu," akasema.

"Ndiyo hiyo," nikamwambia, tukaenda kupanga foleni ya lifti.