Mayegeri wa Walinzi wa Tsar: Yazingatiwe Kabla ya Kuandika Habari Zao au Kuzuru Uwanja wa Borodino

Kila Septemba, maadhimisho ya mapigano ya Borodino ya 1812, kati ya Warusi na Wafaransa wa Napoleon, yanapokaribia, maswali kuhusu Rejimenti ya Mayegeri (askari wa miguu wepesi) ya Walinzi wa Tsar, yaani mfalme wa Urusi, huwa mengi, na makosa yanayosambazwa mtandaoni huwa mengi zaidi. Wanaouliza ni wanafunzi walioko Moscow, watalii na waandishi wenye nia njema kabisa. Makala hii inahusu yale yanayokosewa mara kwa mara, pamoja na masharti ya kisheria kwa yeyote anayekwenda kwenye uwanja wenyewe, takribani kilomita 125 magharibi mwa Moscow.

Kwanza, si kila yegeri alikuwa mlinzi wa Tsar. Askari wa miguu wepesi walikuwapo Urusi tangu 1765, walipoundwa watu 1,650 na kugawanywa katika rejimenti 25 za kawaida. Batalioni ya Walinzi iliundwa na Tsar Pavel I tarehe 9 Novemba 1796, kwa kukusanya mayegeri wa rejimenti za Semyonovsky na Izmailovsky na wa majeshi yake mwenyewe ya Gatchina, makazi yake karibu na St. Petersburg. Mwaka 1800 ikawekwa chini ya Jenerali Bagration, ikapigana na Napoleon huko Austerlitz mwaka 1805, na mwaka 1806 ikapandishwa kuwa rejimenti. Kufikia 1812 jeshi la kawaida lilikuwa na rejimenti 50 za mayegeri, nazo zilijulikana kwa namba. Kwa hiyo ukikuta katika hati "Rejimenti ya 1 ya Mayegeri", hao si Walinzi. Tafadhali msiendelee kuwachanganya.

Mkanganyiko huu hugharimu zaidi pale kwenye daraja la mto Kolocha, kwa sababu rejimenti zote mbili zilikuwapo asubuhi ileile. Alfajiri ya 26 Agosti 1812 (kwa kalenda ya zamani ya Urusi, kama itakavyoelezwa), ukungu ukiwa bado haujaondoka, divisheni ya Kifaransa ya Delzons ilivamia kijiji cha Borodino, ambamo Walinzi walikuwa wamewekwa chini ya Kanali Bistrom. Kijiji kiko ng'ambo ya mto, mbele ya safu kuu ya Warusi, na njia ya kurudi ilikuwa hilo daraja moja. Walinzi walisongamana darajani huku wakipigwa risasi kutoka nyuma, wakapoteza mamia ya watu katika muda mfupi sana. Askari wa Rejimenti ya 106 ya Ufaransa wakavuka wakiwafuata, wakaenda mbali kupita kiasi. Hapo ndipo Rejimenti ya 1 ya Mayegeri ilipowarudishia kipigo cha karibu na kuwasukuma hadi mtoni. Jenerali Plauzonne wa Ufaransa aliuawa, na daraja likabomolewa, mabaharia wa Walinzi wakishiriki kazi hiyo. Mnara uliosimamishwa hapo mwaka 1912 ni wa Mayegeri wa Walinzi na mabaharia hao.

Wengi hudhani kila yegeri alikuwa mdunguzi mwenye bunduki ya mtutu wa mifereji. Haikuwa hivyo. Kwa utaratibu wa 1805 shtutseri, yaani bunduki fupi yenye mifereji ndani ya mtutu, ilipewa masajini na askari 12 wenye shabaha bora katika kila kombania. Waliobaki walibeba gobori lenye mtutu laini, usio na mifereji. Sababu ni muda: risasi ya shtutseri lazima ibane kwenye mifereji, hivyo ilisukumwa kwa kugongwa na nyundo, na mwenye gobori aliweza kufyatua mara kadhaa huku mwenye shtutseri akihangaika kushindilia. Kilichomtofautisha yegeri ni namna ya kupigana. Walitawanyika wawili wawili, wakatumia miti, mitaro na kuta, na mmoja hakufyatua mpaka mwenzake awe amekwisha kushindilia, ili wasiwe wote na bunduki tupu kwa wakati mmoja.

Pili, tarehe. Urusi ilitumia kalenda ya Julian hadi 1918. Ongeza siku 11 kwa tarehe za karne ya 18 (kuanzia Machi 1700), siku 12 kwa karne ya 19, na siku 13 kuanzia Machi 1900. Kwa hiyo 26 Agosti 1812 ni 7 Septemba. Sheria ya Urusi ya 1995 inaadhimisha siku hiyo tarehe 8 Septemba kwa kuwa ziliongezwa siku 13 badala ya 12. Andikeni 8 Septemba mnapotaja sikukuu, na 7 Septemba mnapotaja mapigano. Sikukuu ya rejimenti yenyewe ilikuwa 17 Agosti, siku ya Mtakatifu Miron, ambayo ndiyo siku ya mapigano ya Kulm mwaka 1813, Walinzi walipomzuia Vandamme, jenerali wa Ufaransa, hadi msaada ukafika na yeye akatekwa kesho yake.

Tatu, jina. Baada ya vita vya Crimea askari wa miguu wote walikuwa wanapewa bunduki za mifereji, kwa hiyo mwaka 1856 rejimenti za mayegeri zikafutwa kama aina ya jeshi. Hii ya Walinzi ikabaki, ila ikaitwa Rejimenti ya Gatchina mpaka 1870 iliporudishiwa jina lake. Mtafiti asiyejua hilo hupotewa na miaka 14 nzima kwenye kumbukumbu, kisha hulalamika kwamba faili zimefichwa. Hazijafichwa. Tafuta Gatchina.

Kwa jina lililorudishwa ndipo walipokwenda Telish, Bulgaria, tarehe 12 Oktoba 1877. Walishambulia ngome ya Waturuki kupitia uwanja wa wazi, bila mizinga kuwa imeilainisha vya kutosha, wakapoteza zaidi ya watu 900. Siku nne baadaye Jenerali Gurko wa Urusi aliipiga ngome ileile kwa mizinga mingi ikasalimu amri. Rejimenti ilivunjwa mwaka 1918.

Sasa sheria. Tangu 2013, mabaki yaliyofukiwa ardhini kwa zaidi ya miaka 100 huhesabiwa kuwa ya kiakiolojia na ni mali ya serikali. Kuyatafuta kunahitaji kibali cha Wizara ya Utamaduni, ambacho hutolewa kwa mtaalamu kwa jina lake, kwa kazi na eneo lililotajwa, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Mtalii hawezi kukipata. Kifungu cha 243.2 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayechimba bila kibali na kuharibu tabaka la ardhi lenye mabaki faini isiyozidi rubli 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Akitumia kifaa cha kutambua chuma, au wakishirikiana kwa kupanga, kifungo kinaweza kufika miaka 6. Kusema "nilikuwa natafuta kumbukumbu tu" si utetezi.

Ukiona kitu kimejitokeza juu ya ardhi, usikiokote wala usikisugue. Vifungo vya askari wa Urusi wa 1812 kwa kawaida vilikuwa vitupu. Vya Wafaransa vilikuwa na namba ya rejimenti. Kifungo chenye 106 kando ya Kolocha ni cha Mfaransa, na mahali kilipolala panaonyesha askari wake walifika wapi. Kikihamishwa, habari hiyo imepotea; kikisuguliwa kwa msasa au siki, hata namba hupotea. Piga picha kikiwa palepale, weka alama kando yake, kisha waite wafanyakazi wa makumbusho ya uwanja.