Utani wa steringi na mahali pake

Kila darasa la kuhariri ninalofundisha hapa Tanga hugawanyika pande mbili tukifika kwenye muvi za mashujaa. Kuna wanaotaka giza, mvua na steringi, yaani mhusika mkuu, asiyetabasamu mwanzo mpaka mwisho. Kuna wanaotaka utani katikati ya ngumi. Wanabishana mpaka wapita njia wanasimama dirishani, kila upande ukidai mwenzake hajui muvi. Mimi nikikaa mbele ya kompyuta kuhariri, huwa nauliza jambo moja tu: muvi hii inaiamini shida ya steringi wake? Ikiiamini, itatuchekesha na bado tutaogopa. Isipoiamini, hata izime taa zote haitamtisha mtu.

Sisi watu wa Tanga tungepaswa kulijua hili mapema, maana mchekeshaji Mzee Majuto alikuwa wetu. Mtazameni tena. Akibanwa na uongo wake mwenyewe anahangaika kweli, macho yanamtoka, anatafuta pa kutokea. Yeye hacheki, tunaocheka ni sisi. Mwigizaji Adam West naye alifanya hivyo hivyo kwenye tamthilia ya Batman iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1966. Ngumi ikitua, mlio wake uliandikwa kwa herufi kubwa za rangi kwenye skrini nzima, na yeye alitamka kila mstari kama shahidi aliyeapishwa mahakamani. Angekonyeza jicho hata mara moja, utamu wote ungekwisha.

Mabishano ya vijana wangu yana mizizi mwaka 2008. Mwezi Mei ilitoka Iron Man, ya mashujaa wa Marvel, mwezi Julai ikatoka The Dark Knight, ya Batman, shujaa wa DC, na tangu hapo watu wakaamini kuwa Marvel hucheka na DC hununa. Lakini hebu ingieni ndani ya muvi zenyewe. Iron Man inaanza na steringi wake, Tony Stark, akiwapigia porojo askari ndani ya gari la jeshi huko Afghanistan. Wanacheka, mmoja anaomba kupiga naye picha, na hapo hapo msafara unalipuliwa. Askari tuliocheka nao wanakufa mbele yetu. Utani ule ulitufanya tuwazoee kwa dakika moja, na vifo vyao vikauma kwa sababu hiyo.

Kwenye The Dark Knight, inayosifiwa kwa kununa, sini ninayoifundisha zaidi ni ya kuchekesha. Joker, adui wa Batman, anaingia kwenye kikao cha majambazi na kutangaza kuwa atafanya mazingaombwe. Anaisimamisha penseli mezani, anaahidi kuipoteza. Jamaa mmoja anamwendea ili amtoe; Joker anamdaka kichwa na kukibamiza mezani. Penseli haipo tena. Hakuna damu inayoonekana, na yote yanakwisha ndani ya sekunde chache. Niliitazama sini hiyo kwenye kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video, huko Makorora, muvi ikiwa imetafsiriwa kwa sauti juu ya sauti. Watu waliangua kicheko, kisha kicheko kikakatika, wakaanza kutazamana. Mtafsiri, ambaye sauti yake ilikuwa imetawala tangu mwanzo, hapo alinyamaza. Namheshimu sana kwa kimya kile. Alielewa kuwa mzaha umetoka kinywani mwa hatari yenyewe, kwa hiyo baada yake hatari imekua.

Utani wa steringi unafanya kazi nyingine. Ukizaliwa na shida yake, unatusogeza karibu naye. Katika Spider-Man 2 ya Sam Raimi, ya mwaka 2004, Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, nguvu zinamtoroka. Utando hautoki, ikabidi ashuke ghorofani kwa lifti, amevaa mavazi yake yote. Ndani kuna jamaa anayedhani mavazi yale ni ya kushona tu, anayasifia. Peter anajibu kuwa yanawasha. Tunacheka, ila tumeshaelewa kuwa ndani ya vazi lile mna mtu, na ana tatizo. Baadaye katika muvi hiyo hiyo analizuia treni kwa mwili wake mpaka anazimia. Kinyago hana usoni. Abiria wanampokea, wanampitisha juu ya mikono yao hadi ndani ya behewa, na mmoja anasema huyu ni kijana mdogo tu. Mimi bado hunitoka machozi hapo. Toa sini ya lifti, na ya treni itapungua nguvu.

Utani unaonikera ni ule unaokuja kutuokoa na huzuni. Thor: Ragnarok ya mwaka 2017 ina mambo mengi ninayoyapenda, na Taika Waititi anajua kuchekesha kuliko waongozaji wengi wa muvi hizi. Lakini mwishoni Asgard, nchi ya Thor, inateketea, wenyewe wamesimama kwenye chombo wakiitazama nchi yao. Korg, rafiki wa Thor, anawafariji kuwa maadamu misingi ipo watajenga tena. Papo hapo misingi inalipuka, naye anaomba radhi. Ukumbi unacheka. Watu wamepoteza nchi, na hatujapewa hata nafasi ya kuzitazama nyuso zao. Mimi ningeukata utani ule bila kusita.

Wanaopenda kununa nao wasifurahi mapema. Kwenye Batman v Superman ya mwaka 2016, Batman anakaribia kumuua mwenzake, kisha anasita kwa sababu jina la mama wa Superman, Martha, ni jina la mama yake pia. Muvi imekunja uso kwa muda mrefu, na vijana wangu wanacheka hapo kila mara. Wanacheka kwa sababu wawili wale hawakujengewa njia ya kufika kwenye huruma ile. Kununa hakufanyi kazi hiyo kwa niaba ya mwandishi.

Anayetaka kujifunza kwa vitendo atazame Justice League zote mbili. Mwongozaji Zack Snyder aliiacha kazi mwaka 2017 baada ya kufiwa na binti yake, Joss Whedon akaimalizia, akapiga sini mpya zenye mizaha, na ikatoka ya saa mbili. Mwaka 2021 ikatoka ya Snyder, saa nne. Mfuateni Victor Stone, yaani Cyborg. Katika ile ndefu tunamwona akicheza mpira, tunaiona ajali, tunauona ugomvi wake na baba yake. Katika ile fupi mengi ya hayo hayamo, ila muda wa Flash kumwangukia Wonder Woman kwa mzaha umepatikana. Hapo ndipo ninapowaambia vijana wahesabu dakika: kila utani mnaouingiza, mnamnyang'anya nani muda wake?

Swali hilo tumelitumia juzi kwenye kazi yao wenyewe, filamu fupi ya dereva bodaboda wa Ngamiani anayesikia sauti za watu walio mbali. Anapigiwa simu kuwa bibi yake amefariki, na rafiki yake anatupia neno kuhusu ubwabwa wa msibani. Darasa lilicheka sana. Tukautoa utani ule, tukauacha uso wa mjukuu ukae kwenye skrini mpaka akate simu mwenyewe, tukaitazama tena. Hakuna aliyesema kitu. Aliyeuandika bado anaudai. Nimemwambia yuko huru kuuweka popote kabla simu haijaita, ila shoti ile ya uso asiiguse.