Wademokrat wahafidhina na tabianchi: yanayosemwa na kura zilivyopigwa

Sheria ya tabianchi ikikwama Washington, maelezo yanayotufikia huwa mafupi mno: Wademokrat wanataka kuokoa mazingira, Warepublikan wanalinda mafuta, yameisha. Nimezifuatilia kura hizi kwa miaka mingi, na kinachoniuma ni kwamba maelezo hayo yanawaacha nje watu walioshika usukani mara nyingi zaidi ya wengine wote. Hao ni Wademokrat wahafidhina, na wenzao wanaotoka majimbo ya makaa ya mawe, mafuta, viwanda vya magari na mashamba makubwa. Uamuzi wao unatuhusu hata sisi tusiopiga kura Marekani, maana joto halina mpaka.

"Wademokrat wakiwa wengi bungeni, sheria inapita."

Dhana hii inatokana na mazoea yetu. Tanzania, mbunge akipoteza uanachama wa chama chake amepoteza na ubunge, hivyo chama kikiamua, watu hufuata. Marekani chama hakiwezi kumnyang'anya mtu kiti. Anayeweza kumng'oa ni mpigakura wa nyumbani kwake, na huyo ndiye anayeogopwa.

Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alitaka kodi ya nishati itakayopimwa kwa kiasi cha joto ambalo kila fueli hutoa. Bunge la Marekani lina mabaraza mawili, na mswada lazima upite yote. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 219 dhidi ya 213. Ilipofika Kamati ya Fedha ya Seneti, Wademokrat walikuwa 11 na Warepublikan 9. David Boren, Mdemokrat wa Oklahoma, jimbo la mafuta na gesi, akasema hapana. Kura yake moja ilitosha, maana ingekuwa 10 kwa 10. Kilichobaki mwishoni ni nyongeza ya senti 4.3 kwa galoni ya petroli.

Miaka 16 baadaye, Obama akiwa ikulu, mambo yalijirudia kwa ukubwa zaidi. Tarehe 26 Juni 2009 mswada wa Henry Waxman na Ed Markey ulipita Baraza la Wawakilishi kwa 219 dhidi ya 212. Ungeweka ukomo wa gesi joto na kuruhusu makampuni kuuziana vibali vya kuzitoa. Wademokrat 44 waliupinga, na kama si Warepublikan wanane waliouunga mkono ungeanguka palepale. Seneti haikuupigia kura kabisa, ingawa kundi la Wademokrat lilikuwa limefikisha viti 60, idadi inayotakiwa kwa kawaida ili kufunga mjadala na kuupigia mswada kura. Julai 2010 kiongozi wao, Harry Reid, alitangaza kwamba kura hazipo.

"Wale 44 wote walikuwa wahafidhina."

Hapana. Dennis Kucinich wa Ohio, mtu wa mrengo wa kushoto kabisa, aliukataa kwa sababu aliuona dhaifu. Na wapo wahafidhina walioupigia kura ya ndiyo baada ya kuuchonga kwanza. Rick Boucher, aliyewakilisha wachimba makaa wa kusini-magharibi mwa Virginia, alihakikisha sehemu kubwa ya vibali inagawiwa bure kwa makampuni ya umeme na kwamba fedha zinatengwa kwa teknolojia ya kunasa hewa ukaa. Collin Peterson wa Minnesota, mwenyekiti wa Kamati ya Kilimo, alitaka miradi ya wakulima isimamiwe na Wizara ya Kilimo badala ya wakala wa mazingira, na akakubaliwa. Anayehesabu kura ya mwisho peke yake hataziona alama hizi za mikono, na kwangu zina uzito kuliko kura yenyewe.

"Kyoto iliuawa na George W. Bush."

Bush aliutupa Mkataba wa Kyoto, ule wa kimataifa wa kupunguza gesi joto, mwaka 2001, hilo ni kweli. Ila kaburi lilichimbwa mapema. Julai 1997, miezi mitano kabla mkataba haujakamilika, Seneti ilipitisha azimio la Robert Byrd, Mdemokrat wa West Virginia, na Chuck Hagel, Mrepublikan wa Nebraska. Lilisema Marekani isitie saini mkataba wowote utakaozibana nchi tajiri bila kuzipangia nchi zinazoendelea ukomo katika kipindi hichohicho, wala mkataba utakaouumiza sana uchumi wake. Matokeo yalikuwa 95 kwa 0. Hakuna Mdemokrat hata mmoja aliyepinga, awe mhafidhina au mwanamageuzi. Serikali ya Clinton ilitia saini mwaka 1998, lakini haikuupeleka mkataba Seneti.

Hebu tulisome azimio lile kutoka huku tuliko. Kwa maneno yake, Tanzania na Kenya ziliwekwa kundi moja na China na India: nchi ambazo nazo zingepaswa kubanwa ndipo Marekani ikubali kubanwa. Kijiji ambacho hakijapata hata taa moja ya umeme kilihesabiwa kwenye hoja ya kulinda migodi ya West Virginia. Najua hoja ya ushindani na China ilikuwa na mantiki yake, na wafanyakazi wa viwandani waliiamini. Bado siwezi kuiona kuwa ya haki.

"Wahafidhina hawa wanakana sayansi."

Wengi wao hawakani. Mabishano yao ni juu ya kasi, gharama na ajira. Byrd mwenyewe, Desemba 2009, akiwa na umri wa miaka 92, aliandika waraka wa kuwaambia wenye migodi wakubali kwamba dunia inabadilika na waache kuwatia watu hofu. Joe Manchin, aliyerithi kiti chake mwaka uliofuata, aliandika makala mwaka 2019 pamoja na Lisa Murkowski, seneta Mrepublikan wa Alaska, akikiri kwamba tatizo lipo na linahitaji hatua. Ukiwaita wakanaji, unapoteza nafasi ya kujibu hoja wanayoitoa kweli, ambayo ni ngumu zaidi: nani atamlipa mchimbaji siku mgodi utakapofungwa?

Vilevile, kuwa mhafidhina kwenye nishati si kuwa mhafidhina kwenye kila kitu. John Dingell wa Michigan alipigania bima ya afya ya taifa maisha yake yote bungeni, huku kwa miongo akizuia masharti makali ya mafuta kwa magari ya Detroit. Na Juni 2010, Wademokrat sita wa Seneti walipojiunga na Murkowski kutaka kuinyima wakala wa mazingira nguvu ya kudhibiti gesi joto, mmoja wao alikuwa Jay Rockefeller wa West Virginia, mtetezi mashuhuri wa matibabu ya watoto maskini. Jaribio lile lilishindwa kwa 47 dhidi ya 53.

"Manchin aliua kila kitu."

Hapa inabidi twende polepole, kwa sababu rekodi yake inavutwa pande mbili, na kila upande unaonyesha nusu anayoitaka.

Oktoba 2010, akigombea useneta, alitoa tangazo la televisheni akiwa na bunduki, akaupiga risasi mswada wa ukomo wa gesi joto uliobandikwa mbele yake. Wakati huo mswada ulikuwa tayari umekufa kwa miezi mitatu. Novemba 2015 alikuwa mmoja wa Wademokrat watatu waliopiga kura ya kufuta mpango wa Obama wa kupunguza hewa chafu ya mitambo ya umeme. Wengine walikuwa Heidi Heitkamp wa North Dakota na Joe Donnelly wa Indiana. Mwaka 2021, Seneti ikiwa 50 kwa 50, alikataa mpango wa dola bilioni 150 ambao ungezituza kampuni za umeme zinazoongeza nishati safi na kuzitoza zisizofanya hivyo. Desemba akaukataa mswada mzima wa Rais Biden wa huduma za jamii na tabianchi. Familia yake ilikuwa na kampuni ya makaa ya mawe iliyomwingizia fedha, naye hakulificha hilo. Wananchi wana haki ya kuuliza.

Kisha Julai 2022 akakubaliana na Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti. Tarehe 7 Agosti Seneti ilipitisha Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei kwa 51 dhidi ya 50, kwa njia ya miswada ya bajeti isiyohitaji kura 60, kura ya makamu wa rais wa wakati huo, Kamala Harris, ikivunja usawa. Dola bilioni 369 hivi zilikadiriwa kwenda kwenye nishati na tabianchi. Jina lake halitaji tabianchi, lakini Marekani haikuwahi kuwekeza kiasi hicho humo. Kwenye Baraza la Wawakilishi Wademokrat wote waliiunga mkono, hata Jared Golden wa Maine, aliyekuwa Mdemokrat pekee kuukataa mswada ule wa Biden ulipopigiwa kura humo Novemba 2021.

Bei yake ilikuwa nzito. Serikali haikuruhusiwa kutoa maeneo ya umeme wa upepo baharini bila kwanza kutangaza ekari milioni 60 za bahari kwa ajili ya mafuta na gesi, eneo linalokaribia ukubwa wa Uganda nzima. Kyrsten Sinema, seneta Mdemokrat wa Arizona wakati huo, naye alidai lake, takriban dola bilioni 4 za kukabili ukame, hasa bonde la mto Colorado. Mle mle ndani, tozo inayogharimia matibabu na fidia za wachimbaji walioharibika mapafu kwa vumbi la makaa ilifanywa ya kudumu. Walioidai kwa miaka ni wachimbaji wenyewe.

"Kupinga sheria za tabianchi kunaokoa kiti."

Kwenye mswada wa 2009, Boucher alipiga ndiyo akaanguka uchaguzi wa 2010. Chet Edwards wa Texas na Gene Taylor wa Mississippi walipiga hapana, wakaanguka uchaguzi uleule. Mary Landrieu, seneta wa Louisiana, alilipigania bomba la Keystone XL la kuleta mafuta kutoka Kanada mpaka dakika ya mwisho. Novemba 2014 alipata kura 59 za Seneti, zikihitajika 60, na wiki chache baadaye akashindwa uchaguzi kwa tofauti kubwa.

"Basi afadhali viti hivyo vichukuliwe na Warepublikan, tofauti haipo."

Nimelisikia hili kutoka kwa vijana wa harakati za mazingira ninaowaheshimu, na hasira yao naielewa. Lakini Manchin hakugombea tena mwaka 2024, na kiti cha West Virginia kikaenda kwa Jim Justice, Mrepublikan. Tarehe 1 Julai 2025 Seneti ilipigia kura mswada wa Rais Trump uliofuta au kufupisha sehemu kubwa ya unafuu wa kodi kwa upepo, jua na magari ya umeme uliowekwa mwaka 2022. Wademokrat wote walisema hapana, na Warepublikan watatu wakaungana nao. Justice alisema ndiyo. Ikawa 50 kwa 50, na makamu wa rais, JD Vance, akapiga kura ya 51.