Mionzi ya Mwanzo wa Ulimwengu: Dhana Potofu na Ukweli

Mjadala wa mwanzo wa ulimwengu ukizuka mtandaoni, hachelewi kutokea mtu wa kusema kwamba wanasayansi wanabuni tu, maana hakuna aliyekuwepo kushuhudia. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa vipimo, na vipimo vipo. Kutoka kila upande wa anga hutufikia mionzi ya maikrowevu yenye jotoridi la kelvini 2.725, yaani karibu nyuzi 270 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Kwa zaidi ya nusu karne mionzi hiyo imekuwa ikizikataa nadharia moja baada ya nyingine.

Dhana: Mionzi hii ni mwanga wa Mlipuko Mkuu (Big Bang) wenyewe.

Sivyo. Kwa takribani miaka 380,000 ya kwanza, elektroni zilikuwa huru na mwanga haukuweza kwenda mbali bila kugongana nazo. Jotoridi liliposhuka hadi kelvini 3,000 hivi, elektroni zilinaswa na viini vya atomu, atomu kamili zikaundwa, na mwanga ukapata njia. Huo ndio tunaoupokea leo, mawimbi yake yakiwa yamerefuka mara 1,100 hivi kwa kutanuka kwa anga. Yaliyotangulia hatuyaoni, tunayajua kwa alama yalizoacha juu ya mwanga huo.

Dhana: Unatoka pale mlipuko ulipotokea.

Hakuna "pale". Ulianza kusafiri kutoka kila mahali, hata hapa tulipo. Kila sentimita ya ujazo ina fotoni (chembe za mwanga) zake zipatazo 400, chumbani mwako pia.

Dhana: Nadharia hupindwa mpaka ikubaliane na data yoyote.

Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu historia inasema kinyume kabisa. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walipendekeza ulimwengu usio na mwanzo, unaotanuka huku maada mpya ikizaliwa polepole kujaza nafasi. Mwaka huohuo Ralph Alpher na Robert Herman walipiga hesabu kwamba, kama ulimwengu ulianza ukiwa moto, lazima kuna mabaki ya joto ya kelvini 5 hivi. Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuta katika antena yao mvumo usioisha, waigeuzie upande wowote. Ulikuwa ndio hayo mabaki.

Watetezi wa Hoyle hawakukubali mara moja. Walisema huenda ni mwanga wa nyota uliofyonzwa na vumbi na kutolewa upya. Ni dai linalopimika: mwanga uliokusanyika kutoka vyanzo vya jotoridi na umbali tofauti hauwezi kufuata kikamilifu mstari wa grafu wa mionzi ya kitu chenye jotoridi moja. Januari 1990, John Mather alionyesha mbele ya wanaastronomia wa Marekani grafu ya satelaiti ya COBE, iliyopima mionzi hiyo. Vipimo vilikaa sawasawa juu ya mstari wa nadharia ya joto, na ukumbi ukasimama kupiga makofi.

Kisha likaja swali la chanzo cha galaksi. COBE ilionyesha mwaka 1992 kwamba jotoridi la mionzi hiyo hutofautiana kidogo mno kati ya sehemu na sehemu ya anga, takribani sehemu 1 kwa 100,000. Nani alizipanda tofauti hizo? Wengine walisema ni nyuzi za kosmiki, mikunjo mirefu ya nishati iliyokuwa ikikoroga maada. Wengine walisema ni mfumuko, yaani kutanuka kwa kasi isiyo kifani katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, wazo alilolitangaza Alan Guth mwaka 1981. Katika maada ile ya moto, uvutano ulibana na mwanga ukasukuma, kukawa na mawimbi kama ya sauti. Chini ya mfumuko, mawimbi hayo huanza kwa pamoja kama wapiga ngoma waliopewa ishara moja, na huacha vilele vilivyopangana katika grafu ya tofauti za jotoridi. Nyuzi zingekuwa chanzo kikuu, kila wimbi lingeanza kwa wakati wake na vilele vingefutika. Puto la BOOMERanG, lililoruka Antaktika mwishoni mwa 1998, lilipima kilele cha kwanza kwa uwazi, kwenye upana wa karibu digrii 1 angani. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha vilele vingine. Nyuzi za kosmiki zikashindwa.

Dhana: Basi mfumuko umeshathibitishwa.

Bado, na anayesema hivyo anaharakisha. Machi 2014 timu ya BICEP2, yenye darubini Ncha ya Kusini, ilitangaza kuona alama za mawimbi ya uvutano (mitikisiko ya anga yenyewe) ya enzi ya mfumuko. Vipimo vya satelaiti ya Planck vilionyesha kwamba vumbi la galaksi yetu linaweza kutoa alama ileile, na uchambuzi wa pamoja wa 2015 haukuacha ushahidi wa kutosha kwa dai lile.

Mfumuko nao si nadharia moja, ni ukoo wa modeli. Kila moja hutabiri uwiano kati ya nguvu ya mawimbi hayo ya uvutano na ile ya tofauti za msongamano wa maada. Matokeo ya 2021 ya darubini za BICEP/Keck, za Ncha ya Kusini pia, yalionyesha kwamba uwiano huo hauzidi 0.036, na modeli kadhaa rahisi zilizopendwa zamani zimeanguka hapo. Ile ya Alexei Starobinsky ya 1980 hutabiri uwiano ulio karibu na 0.003, na bado imesimama. Satelaiti ya LiteBIRD, inayoandaliwa kwa uongozi wa Japani, imekusudiwa kupima hadi kiwango hicho.