Kofia mbili katika kesi ya Mangi Meli

Ijumaa iliyopita nilikwenda kutazama igizo la kesi ya Mangi Meli, yule chifu wa Wachaga wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani, kwenye ukumbi mmoja hapa Moshi mjini. Umeme ulikatika kabla hatujaanza, jenereta likanguruma hadi mwisho. Mimi ni wakili, na sheria za enzi za Mjerumani ninazifuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia Simba na Yanga, kwa hiyo nilikaa kuwinda makosa.

Sikusubiri sana. Mangi alikuwa na wakili! Kijana wa joho jeusi aliinuka: "Mheshimiwa, napinga swali hilo." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Lakini joho lile ni la Waingereza, nao waliitwaa Moshi mwaka 1916. Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18.

Kwa msiofuatilia mambo haya: Mwafrika hakushtakiwa katika mahakama ya Wazungu. Amri ya Chansela wa Ujerumani ya Aprili 1896 ilimpa gavana mamlaka ya kuwahukumu wenyeji, na wakuu wa wilaya na vituo wakayatumia kwa niaba yake. Adhabu zilitajwa humo: viboko, faini, kazi ngumu, minyororo, kifo. (Ile hamsa ishirini ya wazee wetu ndiyo hiyo, viboko 25 kwa mkupuo.) Hukumu ya kifo ilimsubiri gavana, isipokuwa pakisemwa kuna uasi, hapo mkuu wa kikosi aliweza kumaliza shauri palepale. Na nani wa kusema kuna uasi? Yeye huyo huyo.

Hili ni gumu kulieleza hata darasani. Wale vijana walilieleza kwa kofia mbili. Mwigizaji wa Hauptmann (yaani Kapteni) Johannes, mkuu wa kituo cha Wajerumani cha Moshi, alisoma mashtaka akiwa na kofia ya jeshi. Akaivua, akaiweka mezani taratibu, akavaa nyingine, akapiga hatua tatu hadi kiti cha hakimu na kuuliza, "Nani anashtaki?" Akarudi, akabadili kofia, akajibu: "Mimi." Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya nne jenereta tu ndilo lililosikika. Mama aliyekaa nyuma yangu akasema, wala hakuulizwa, "Sasa huyu wa joho anamtetea mbele ya nani?"

Igizo liliishia kamba ikifungwa. Kichwa cha Meli, kinachosemekana kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ambacho ukoo wake umekitafuta miaka na miaka, hakikutajwa. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba kule Berlin vilitambua fuvu la mmoja wa washauri wake; la Meli mwenyewe bado.

Baadaye nilimfuata mwongozaji, nikamwambia joho liondoke.

"Msomi," akanijibu, "joho lile kashona mama yake yule kijana mwenyewe. Nimwambieje?"

Jumamosi wanaigiza tena, Old Moshi. Joho litakuwepo.