Elimu kwa Umma: Rangi ya Tumbo la Boti Inapobanduka, Chunguza Kabla ya Kukwangua

Malalamiko yanayofika kwenye dawati la ukaguzi wa vyombo vya majini siku hizi yana wimbo mmoja: "Tumeuziwa rangi feki." Mwenye boti anafika na kipande cha rangi kilichobanduka, amekifunga kwenye mfuko, anataka muuzaji achukuliwe hatua. Rangi mbovu zipo sokoni, hilo hatulikatai, na mwenye risiti na kopo lenye namba ya toleo anasikilizwa. Lakini kipande hichohicho ukikigeuza upande wa nyuma, mara nyingi kinatoa ushahidi dhidi ya aliyekileta: kimebeba unga wa kutu, au kina uso laini unaong'aa kwa sababu rangi ya chini yake haikupigwa msasa.

Makala haya yanawahusu wamiliki wa boti na mafundi wa mwambao wa Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba, Igombe na Kayenze hadi Nansio, pamoja na viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe) ambao ndio huulizwa wa kwanza.

Tuanze na dhana inayotuchosha: "Ziwa halina chumvi, kwa hiyo chuma hakiliwi." Kutu inataka maji na hewa, na Ziwa Victoria lina vyote viwili. Chumvi huharakisha tu, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Tena kuna jambo moja ambalo maji baridi ya ziwa hulifanya kwa ukali kuliko bahari. Kila rangi hupitisha maji kidogo. Chini yake kukiwa na kitu kinachoyeyuka, iwe jasho la kiganja, mabaki ya sabuni au hadina (dawa ya kugandisha rangi) isiyochanganyika vizuri, kitu hicho huvuta maji ya nje, na maji yasiyo na chumvi huvutwa kwa nguvu zaidi. Hapo lengelenge linainuka.

Usianze na brashi ya waya

Boti ikishapandishwa chelezoni (jukwaa la kutengenezea vyombo) au kuvutwa mchangani, ondoa utelezi kwa maji na sponji, basi. Malengelenge yakaguliwe saa zilezile za kwanza, maana mengine hunywea yakikauka na ushahidi ukapotea. Yazungushie chaki, piga picha zinazoonyesha yako wapi: omo, tezi, mstari wa maji, karibu na mkuku (uti wa mgongo wa chini). Kisha vaa miwani ya kazi na toboa moja moja kwa ncha ya kisu. Miwani si mapambo. Maji ya ndani yana shinikizo na yanaweza kuruka hadi jichoni, na wakati mwingine ni makali.

Ukikuta maji na chini yake rangi nyingine iliyoshika imara, tatizo liko kati ya mikono (matabaka) miwili ya rangi, chuma hakijaguswa. Epoksi, rangi ngumu inayochanganywa na hadina, ina muda wake wa kupokea mkono wa pili, ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Ukipita, mkono wa kwanza umekuwa kama kioo, na lazima upigwe msasa kabla ya kuendelea. Kuna pia ule unata mwepesi unaotoka juu ya epoksi iliyokauka usiku wenye unyevu. Fundi akiugusa anasema rangi haijakauka vizuri, anaongeza mkono mwingine juu yake. Unata huo unatakiwa kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, usuuzwe, ukauke, ndipo msasa ufuate. Ukianza na msasa unausambaza tu.

Ukikuta chuma cheupe kinachong'aa, na malengelenge yamejipanga kuzunguka kipande cha magnesi kilichofungwa ili kiliwe badala ya chuma, magnesi ni kubwa mno au iko karibu mno na rangi. Karatasi ya litimasi nyekundu ikichovywa kwenye maji hayo hugeuka buluu, yaani ni alkali. Kupaka upya bila kubadilisha magnesi ni kutupa fedha. Kwenye boti za mbao kosa hilohilo hulainisha ubao wenyewe kuzunguka boliti mpaka unachimbika kwa ukucha.

Uji mweusi wenye harufu ya yai bovu ni habari nyingine. Hao ni bakteria wanaoishi pasipo hewa, hasa chini ya matope, mafuta machafu na magugu maji yaliyokwama. Kwangua mpaka chuma kionekane na uangalie kama kuna mashimo. Shimo la aina hii lina mdomo mdogo na tumbo kubwa, na linaweza kula pleti (bamba la chuma) wakati sehemu inayolizunguka bado ni nzima kabisa.

Vidoadoa vya kutu vilivyojipanga juu ya mshono wa kuchomelea au kwenye kingo havihitaji maabara. Rangi ikiwa bado mbichi hukimbia ukingo, inabaki nyembamba pale juu. Kabla ya kila mkono mkubwa, mishono, kingo na vichwa vya boliti vipakwe peke yake kwa brashi ndogo. Fundi asiyefanya hivyo hajamaliza kazi, hata kama boti inang'aa.

Rangi iliyopasuka mithili ya ngozi ya mamba inaonyesha kwamba epoksi ngumu imepakwa juu ya lami au rangi laini. Na rangi yote ikiwa laini, inakunjika kama ganda la maziwa, hiyo ni rangi ya mafuta ya mlango na dirisha. Haikutengenezwa kukaa chini ya maji, na muuzaji hana kosa.

Boti za faiba zina lugha yake. Lengelenge likitoa maji yanayonata yenye harufu ya siki, maji yameingia kwenye resini, ile gundi inayoshikanisha faiba. Gonga kwa sarafu kulizunguka: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipoachana panatoa sauti ya debe lenye kitambaa ndani. Boti ya namna hii hufunguliwa na kukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa kabla ya kuzibwa. Anayeziba kesho yake anafungia maji ndani. Kwenye alumini angalia unga mweupe, hasa chini ya mikeka na mbao zilizolowa, na uhakikishe hakuna aliyepaka rangi ya sumu yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe wa majini. Shaba juu ya alumini huila alumini. Hata kwenye vyuma vingine, rangi hiyo haina kazi kubwa hapa. Wale viumbe wenye magamba wanaong'ang'ania meli za Tanga hatunao. Tunao mwani, utelezi na konokono, na hao brashi inawatosha.

Kutu iko ndani

Wananchi wengi hukagua nje. Pleti nyingi tunazoagiza zikatwe zimeliwa kutoka ndani, kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, mahali ambapo maji, dizeli na magamba ya samaki vinalala mwaka mzima, na mara nyingi chini ya zege lililomwagwa "kuzuia maji." Zege likiachana na chuma hata kwa unene wa karatasi, maji yanakaa hapo na hakuna anayeyaona. Inua mbao za sakafu zote. Zote, pamoja na zile zilizo chini ya injini.

Gonga pleti kwa nyundo ya nusu kilo, kila sentimita 30, na kila sentimita 10 kwenye mstari wa maji na ngama. Sauti inayofifia iwekewe alama. Kisha unene upimwe kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Hapa tunaomba mtusikilize: vipimo vya bei nafuu husoma rangi na chuma kwa pamoja, na kwa kuwa sauti huenda polepole kwenye rangi, robo milimita ya rangi inaweza kusomeka kama zaidi ya nusu milimita ya chuma. Sehemu ya kupimia ikwanguliwe iwe ukubwa wa sarafu. Pleti ya milimita 6 iliyobaki 4.5 imepoteza robo, na kiwango cha kukata na kubadilisha kwa kawaida huwa kati ya asilimia 20 na 30 kulingana na sehemu ilipo. Kubandika pleti juu ya pleti ni hatua ya dharura ya kuifikisha boti chelezoni. Si ukarabati. Kati ya pleti mbili maji huingia, na safari ijayo mtakata mbili badala ya moja.

Panga boi la shaba likiwa kwenye boti ya chuma, chuma ndicho kinacholiwa. Kwa kuwa maji ya ziwa hayapitishi umeme mbali, ulaji hukaa karibu: tazama sentimita chache kuzunguka shafti, usukani na boliti za chuma kisichoshika kutu. Hapo ndipo kipande cha kulinda kinatakiwa kuwa, karibu, kikigusa chuma kwa chuma. Na kiwe cha magnesi. Zinki inayouzwa kwa boti za baharini hujifunika ukoko mweupe kwenye maji baridi ikaacha kufanya kazi. Mwenye boti anafurahi: "Zinki yangu ina miaka mitatu haijaisha." Haijaisha kwa sababu haikufanya lolote. Na magnesi isipakwe rangi, jambo ambalo tulidhani halina haja ya kusemwa.

Ulaji wa haraka, mashimo makali yenye chuma cheupe ndani ya wiki chache, ni umeme wa betri. Waya wa pampu ulioungwa kwa selotepu ndani ya ngama unatosha. Zima kila kitu, toa waya chanya kwenye betri, weka multimita ya ampea kati ya waya na betri. Isomeke sifuri. Ikisoma kitu, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka ishuke; fyuzi hiyo ndiyo njia ya kufuata. Wachomeleaji nao: klampu ya ethi ifungwe kwenye pleti ileile inayochomelewa, isifungwe kwenye chuma cha gati huku boti ikielea.

Hesabu ya rangi

Chukua boti ya chuma yenye tumbo bapa, urefu mita 12, upana 3.5, inazama mita 0.6. Chini ni mita za mraba 42, ubavu kuzunguka ni 18.6, jumla karibu 61. Epoksi yenye asilimia 60 ya kitu kigumu, ikitakiwa maikroni 125 (maikroni elfu moja ni milimita moja) baada ya kukauka, lita moja hufunika mita za mraba 4.8. Ongeza upotevu wa brashi na rola wa asilimia 20: lita 16 kwa mkono mmoja, 32 kwa miwili. Anayenunua lita 20 na kuzinyoosha kwa thina atapata maikroni 158 badala ya 250, kisha atakuja kwetu na kipande kwenye mfuko. Thina isizidi kiwango cha kwenye kopo, na petroli si thina.

Mafuta yaoshwe kwanza, ndipo grainda ifuate. Grainda juu ya mafuta huyasukuma ndani ya mikwaruzo. Ganda la bluu-jeusi la kiwandani kwenye pleti mpya liondolewe lote, maana likipasuka sehemu moja chuma kilicho wazi huliwa kwa kasi. Unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutanda. Kwa ufukweni kwetu hiyo ni takribani saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Epoksi nyingi zinataka siku 7 kabla ya kurudi majini. Wavuvi wa dagaa wanazo: siku za mbalamwezi boti hazitoki.

Utaratibu wa ukaguzi

Boti isipakwe rangi mpya kabla ya mkaguzi kuiona. Rangi ya juzi haituridhishi, inatufanya tukwangue. Mmiliki aje na cheti cha usajili, cheti cha ukaguzi kilichopita, vipimo vya unene vikiwa vimechorwa kwenye ramani ya pleti, picha za kabla ya kukwangua, na karatasi ya maelezo ya rangi. Kasoro zitaandikwa, mmiliki atasaini na kubaki na nakala. Kasoro ikigusa usalama wa tumbo, chombo kitazuiwa mpaka kikaguliwe tena, na ukaguzi wa marudio huombwa na mmiliki mwenyewe. Hautokei wenyewe kwa kuwa fundi amemaliza. Kuondoa chombo kilichozuiwa ni kosa linalojitegemea. Hata kama pleti zimebadilishwa zote usiku huo, kosa linabaki. Ada na faini hulipwa kwa kontro namba ya Serikali na risiti hutolewa. Anayedaiwa fedha taslimu ufukweni asilipe.

Vumbi la rangi ya zamani likusanywe juu ya turubai. Praima nyekundu za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mchanga mnaokwangulia ndio unaoanikwa dagaa wiki ijayo. Turubai likunjwe na takataka ziondolewe ufukweni, wala zisichomwe. Anayetaka kujenga yadi ya kudumu akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwamba maombi ya kibali hutangulia msingi, hayaufuati.